Kwenda, Kuja na Kuza: Asili ya Vitenzi vya Mwendo katika Lugha za Bujumbura

Bujumbura ni miongoni mwa miji michache ambamo mtu aweza kutamka kitenzi kimoja, kwa sauti zilezile, mmoja wa wasikilizaji wake akaelewa kwamba anaondoka na mwingine akaelewa kwamba anawasili. Kitenzi chenyewe ni kuja. Kwa msemaji wa Kirundi, kuja i Gitega ni kushika njia na kuelekea Gitega, ilhali kwa Mswahili wa mtaa wa Buyenzi, kama kwa yule wa Ujiji au wa Unguja, kuja Gitega ni kauli ya mtu ambaye tayari yuko Gitega na anamngoja mwenzake afike. Kwa kuwa lugha hizi mbili zinaishi mtaa kwa mtaa, na mara nyingi katika kinywa kimoja, mkanganyiko huo umezoeleka kama mzaha au kama kosa la wanafunzi, na hauchunguzwi zaidi. Hata hivyo, kwa anayetafuta asili za maneno, huo ni ushahidi wa thamani, kwa sababu unaonyesha jinsi kufanana kwa sauti kunavyoweza kuuficha undugu wa maneno badala ya kuufichua.

Kirundi na Kiswahili ni lugha za Kibantu, na uchunguzi wa kina wa sauti za lugha hizo ulipata msingi wake katika kitabu cha Mjerumani Carl Meinhof kilichotoka mwaka 1899. Tangu hapo wataalamu hawapimi undugu wa lugha kwa maneno yanayofanana tu, bali kwa ulinganifu wa sauti, yaani utaratibu unaoifanya sauti fulani ya lugha moja ikutane, neno baada ya neno, na sauti fulani ya lugha nyingine. Penye j katika maneno ya kale ya Kiswahili, mara nyingi Kirundi kina z: maji ni amazi, jina ni izina, njia ni inzira, na njaa ni inzara. Jozi mbili za mwisho zinaonyesha pia kwamba Kiswahili kimeidondosha sauti ya katikati ambayo Kirundi kimeihifadhi kama r. Kwa hiyo ndugu wa kitenzi cha Kiswahili kuja hana budi kutafutwa penye z, naye ni kuza, ambacho kwa Kirundi humaanisha kufika mahali alipo msemaji. Waganda wana kujja kwa maana hiyohiyo.

Basi kuja cha Kirundi kimetoka wapi? Jibu limo ndani ya Kirundi chenyewe, katika maumbo ya wakati uliopita, ambayo huhifadhi mambo ambayo umbo la kawaida la kitenzi limeyapoteza. Aliyekwenda husemwa yagiye, na g iliyomo humo ndiyo sauti ya asili ya mzizi, kabla haijayeyuka mbele ya irabu na kuwa j. Kinyarwanda, kinachoandika kujya, kimebaki katikati ya safari hiyo. Aliyekuja husemwa yaje, umbo ambalo Mswahili asiyejua Kirundi hata kidogo huweza kulikisia bila shida. Kumbe vitenzi viwili vya Kirundi vimebadilishana mavazi, kwa maana kile cha kuondoka kimepata j katika umbo la kawaida, na kile cha kuwasili kimeipata katika wakati uliopita. Anayesikia sauti bila kufuata kanuni zake atakosea kila mara, na hakuna cha kumlaumu.

Mizizi ya aina hii huandikwa na wataalamu ikitanguliwa na nyota, alama inayomwambia msomaji kwamba umbo hilo halikukutwa katika maandishi yoyote, bali limeundwa upya kwa kulinganisha lugha zilizopo leo. Lugha iliyoundwa upya hivyo huitwa Mame-Bantu, na mmoja wa walioichora sarufi yake ni Mbelgiji A. E. Meeussen, ambaye aliitoa kazi hiyo mwaka 1967. Inafaa kukumbukwa mjini Bujumbura kwamba miaka minane kabla yake, mwaka 1959, msomi huyohuyo alikuwa amechapisha sarufi ya Kirundi, na kwamba lugha ya nchi hii ni miongoni mwa zile zilizomzoesha mambo ya toni na ya maumbo ya vitenzi.

Mzizi wa tatu ndio ulioenea kuliko yote. Kirundi, Kinyarwanda na Kiganda vyote vina kugenda, Kishona kina kuenda, na Kiswahili kina kwenda, ambacho kimepoteza g ya mwanzo kama vile kitenzi cha kale amba, kilichozaa ambia, kilivyoipoteza ile ambayo bado inasikika katika kugamba cha Waganda. Kanuni hii haikufagia kila kitu, kwani mgongo na mguu vimeibakiza g yao, kama umugongo na ukuguru katika Kirundi, na mwanaisimu mkweli hukiri kwamba udondoshaji huo bado unadai maelezo. Kwa Wazulu mzizi huohuo umebanwa ukawa na maana moja tu ya kijamii: anayekwenda ni mwanamke anayeolewa, kwa sababu ndiye anayetoka kwao na kuhamia kwa mumewe.

Hapo ndipo utajiri wa mzizi huu unapoonekana. Kirundi kinapomgeuza mtendaji wa kugenda kuwa nomino, hupata umugenzi, d ikigeuka z mbele ya irabu ya mwisho, na kwa Warundi umugenzi ni rafiki. Ukivuka mpaka kuingia Rwanda, umugenzi ni msafiri au abiria. Ukifika Buganda, omugenzi ni marehemu, yule aliyekwisha kwenda. Neno moja, katika nchi tatu za jirani, limemwita mwenda njia kwa jina la anayefuatana naye, la yeye mwenyewe, na la asiyerudi. Kiswahili nacho kinamwita marehemu mwendazake. Je, hakina nomino inayolingana na umugenzi? Kwa kanuni ileile ambayo penda imezaa mpenzi na linda imezaa mlinzi, enda ingepaswa kuzaa mwenzi, na neno hilo lipo, likimaanisha rafiki, mwandani au mshirika wa ndoa. Sauti zake zinaafikiana na umugenzi bila kulazimishwa, g ikiwa imedondoka kama katika kwenda, na maana yake ndiyo maana ya Kirundi. Kwa ushahidi huo, wale wanaomwona mwenzi kuwa ni mtu wa kwenda naye wana hoja yenye nguvu kuliko wanaoliacha neno hilo bila asili.

Kutoka kwenye urafiki, mzizi huo umepanda hadi kwenye maadili. Warundi huita mila imigenzo, na Waswahili huita tabia ya mtu mwenendo, kutokana na enenda, ambamo kitendo cha kwenda kimekaririwa mpaka kikawa desturi. Katika karne iliyopita siasa iliongeza tawi jingine: endelea ilitoa maendeleo, neno lililokwisha kuenea kiasi cha kubebwa na chama cha Maendeleo ya Wanawake nchini Kenya mwaka 1952, na baadaye likawa karibu wimbo wa kila serikali ya Afrika Mashariki. Kirundi hakikufuata njia hiyo. Kilichukua gutera imbere, yaani kupiga hatua kwenda mbele, kikaunda iterambere, na pengine kilichagua vyema, maana mtu aweza kuendelea bila kusogea, lakini hawezi kupiga hatua mbele akabaki alipo.

Safari ndefu za biashara zilileta neno la nje. Safari imetokana na Kiarabu, na misafara ya Kiswahili iliyofika Ujiji na Uvira katika karne ya 19 ndiyo iliyolieneza bara. Kwa kalamu za wasafiri kama Richard Burton likaingia Kiingereza. Jiwe la Mugere, kusini mwa Bujumbura, ambapo David Livingstone na Henry Morton Stanley walilala mwezi Novemba 1871, ni kumbukumbu ya zama hizo. Hata hivyo mgeni huyo hakuking'oa kitenzi cha zamani: mtu hufunga safari, kisha huenda.

Asidhani msomaji kwamba ukaidi wa vitenzi hivi ni ila ya lugha za Kiafrika. Kiswahili huamrisha nenda na njoo pale ambapo kanuni ingetaka enda na kuja; Kiingereza, ambacho sheria ya mwaka 2014 ilikifanya lugha rasmi ya Burundi pamoja na Kifaransa, husema go lakini katika wakati uliopita huazima went, ambacho asili yake ni kitenzi kingine kilichomaanisha kugeuka; na Kifaransa hukusanya vais, irai na allons chini ya kitenzi kimoja ingawa havikuzaliwa na mzizi mmoja. Vitenzi vinavyotumika kila siku ndivyo vyenye maumbo ya ajabu, kwa kuwa watoto huvishika mapema, jinsi vilivyo, kabla hawajaizoea kanuni ambayo ingevinyoosha.

Mwendo umeupa pia wakati majina yake. Kiambishi cha Kiswahili katika nitakwenda huhusishwa na taka, lakini zo ya Kirundi katika nzogenda huhusishwa na kuza, kana kwamba kitendo chenyewe kinamjia mtendaji. Warundi huita wakati ujao kazoza, kutokana na kuza, na wakati uliopita kahise, kutokana na guhita. Penye h ya Kirundi mara nyingi Kiswahili kina p, kama guha ilivyo kupa, hivyo guhita si kingine ila kupita. Mrundi anaposema kahise na kazoza, na Mswahili wa Buyenzi anaposema yaliyopita na yajayo, wote wawili wametumia vitenzi vilevile viwili.