Meza ya Fundi Mdogo: Kuichagua na Kuiunga
Mazungumzo kwa wazazi, walimu na kamati za vituo vya chekechea



Mazungumzo ya leo yanahusu meza moja. Si meza ya ofisi, wala si ya kulia chakula. Ni meza ya fundi ya kuchezea, ile ambayo mtoto wa chekechea husimama mbele yake na nyundo ya mti mkononi, akazungusha nati, akafungua na kufunga komeo, na kujiona fundi kamili. Kamati ya wazazi ikiketi kuijadili, maswali huwa mawili: ichaguliwe ipi, na iungwe vipi? Majibu yote yanaweza kufupishwa kwa maneno machache ambayo kila mzazi anaweza kuondoka nayo hapa: kila kitu kizunguke, kisichomoke.

Kwa nini mtoto acheze ufundi

Mtoto hasubiri kununuliwa meza ndipo aanze ufundi. Nyumbani huunda gari la waya lenye magurudumu ya vifuniko. Hupika matope kwenye makopo katika mchezo wa baba na mama. Na babu akilala, redio ya babu hufunguliwa.

Waangalieni watoto wawili wakicheza gereji. Mmoja ni fundi, wa pili ni mwenye pikipiki. Mwenye pikipiki anauliza bei. Fundi anakuna kichwa, anasema spea imekwisha, mteja arudi kesho. Watu wazima hucheka, lakini hapo kazi kubwa imefanyika. Watoto wamezungumza kwa zamu, wamepatana bei, wamehesabu nati, wamegundua kwamba nati kubwa haiingii kwenye bolti ndogo. Vidole vinavyozungusha nati leo ndivyo vitakavyoshika penseli kesho. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini mwaka 2019, unataka watoto wa PP1 na PP2 wajifunze lugha, hisabati na mazingira kwa kutenda na kwa kucheza. Meza hii inabeba yote matatu kwa pamoja.

Kuna jambo jingine. Meza ikifika darasani, mara nyingi wavulana huizunguka na wasichana husukumwa kando, na wakati mwingine mtu mzima ndiye anayesema, "Wewe nenda ukapike." Neno hilo ni fupi, lakini mtoto wa miaka minne hulisikia na kulihifadhi. Miaka kumi na mitano baadaye, chuo cha ufundi kikitangaza nafasi za useremala, umeme na uchomeleaji, msichana huyo hatajaza fomu, na hakuna atakayekumbuka lini alifundishwa kwamba spana si yake. Mwalimu na apange zamu, wasichana na wavulana sawa, na wavulana nao wapike.

Kuchagua: mambo matano ya kukagua

Kwanza, kimo. Kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa miaka 4 huwa na urefu wa karibu sentimita 103. Meza ya kimo cha sentimita 50, yaani inchi 20, humfaa: mikono yake hukaa juu ya meza bila kuinua mabega wala kuinama. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Rome mwaka 1907, alisisitiza kwamba samani za mtoto ziwe za kimo cha mtoto. Meza iliyo juu mno humfanya apande kitu ili aifikie, na hapo ndipo huanguka.

Pili, uthabiti. Mtu mzima aishike meza kwa juu, upande wa mbele, aivute kwa nguvu kuelekea kwake. Ikiinuka miguu ya nyuma, haifai kusimama peke yake. Mtoto atauning'inia ubao ule wa nyuma siku moja. Hilo halina shaka. Meza ifungwe ukutani, au iwekewe mfuko wa mchanga kwenye rafu ya chini.

Tatu, ukubwa wa vipande. Chukueni lile bomba la karatasi linalobaki baada ya karatasi ya chooni kwisha. Kipande chochote kinachoingia chote ndani ya bomba hilo kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Pengine mtajibu kwamba meza ni ya watoto wa miaka minne na mitano. Ni kweli, lakini meza ya nyumbani haina mlinzi wa umri. Kaka anacheza na nati, mdogo wake anatambaa chini yake, na kilichoanguka sakafuni huenda moja kwa moja mdomoni.

Nne, rangi. Baadhi ya rangi huwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Madini haya hudhuru ubongo wa mtoto, na mtoto mdogo huyala anapotafuna ukingo wa meza au kulamba vidole. Nunueni rangi iliyoandikwa kwenye mkebe kwamba haina risasi, yenye alama ya ubora ya KEBS, au muiache mbao bila rangi. Rangi kuukuu iliyobaki stoo, ambayo mkebe wake hausomeki, isitumike kwa kitu cha mtoto.

Tano, betri. Meza nyingine za plastiki zina drili ya kuchezea inayolia na kuwaka taa. Kama ndani yake kuna betri ndogo ya mviringo kama kifungo, hakikisheni kifuniko chake kimefungwa kwa skrubu. Betri hiyo ikimezwa na kukwama kooni, inaweza kuunguza koo kwa muda wa saa mbili tu. Mtoto anayeshukiwa kumeza betri apelekwe hospitali mara moja. Asilazimishwe kutapika, na asisubiriwe aonyeshe dalili.

Meza ya plastiki ya dukani si mbaya kwa sababu ni ya plastiki. Kwa mtoto mmoja nyumbani inaweza kutosha. Lakini darasani meza ile ile husukumwa, huegemewa na kupandwa na watoto wengi kila siku. Kabla ya kulipa, ishikeni na kuitikisa pale pale dukani. Miguu ikiyumba mbele ya mwenye duka, haitaimarika ikifika kituoni.

Ikinunuliwa kwenye boksi

Meza ya boksi huja vipande vipande. Iungeni watoto wakiwa wamekwenda nyumbani, kwa sababu wakati wa kuunga ndipo skrubu huwa zimetapakaa sakafuni. Hesabuni vipande vyote kwanza na kuvilinganisha na karatasi ya maelekezo. Kikikosekana kimoja, rudini dukani kabla ya kuanza. Kazeni skrubu zote kwa mkono tu, msimamishe meza juu ya sakafu iliyo sawa, ndipo mzikaze kabisa kwa bisibisi. Anayekaza moja hadi mwisho kabla ya nyingine huishia na meza yenye mguu mmoja unaoelea. Mkimaliza, pigeni hesabu ya skrubu zilizobaki. Mifuko ya plastiki itupwe mbali na watoto siku hiyo hiyo.

Ikitengenezwa na fundi

Meza ya mbao haihitaji mbao nyingi. Kwa meza ya urefu wa futi 3 na upana wa futi 1 na nusu, fundi atahitaji:

– mbili kwa mbili, futi 7, kwa miguu minne ya inchi 19 kila mmoja;
– tatu kwa moja, futi 12, kwa fremu;
– sita kwa moja, futi 15: vipande vitatu vya futi 3 kwa uso wa meza, na viwili kwa rafu ya chini;
– plaiwudi ya milimita 12, futi 3 kwa futi 3, kwa ubao wa nyuma;
– skrubu, gundi ya mbao na msasa.

Saipres iliyokauka vizuri inafaa. Mbao mbichi itapinda na kuachana. Mbao zilizotiwa dawa ya mchwa na mabaki ya nguzo za umeme yasitumike hata yakipatikana bure, kwa maana dawa ile ni sumu.

Mwambieni fundi atumie skrubu, si misumari. Meza inayotikiswa kila siku hulegeza msumari taratibu hadi kichwa chake kitokeze na kuchana nguo au ngozi. Atoboe tundu dogo kwanza ili mbao isipasuke, na kila kichwa cha skrubu kizame chini ya uso wa mbao.

Mpangilio wa kazi ni huu. Aanze na pande mbili za kushoto na kulia, kila upande miguu miwili ikiunganishwa kwa tatu kwa moja juu na chini, kama ngazi fupi. Aziunganishe ngazi hizo kwa vipande virefu, mbele na nyuma. Kabla ya kukaza, apime kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili, kisha apime pembe zile nyingine mbili. Vipimo vikilingana, fremu imekaa mraba. Visipolingana, aisukume hadi vilingane. Afuate na rafu ya chini, kisha plaiwudi ya nyuma kutoka karibu na sakafu hadi juu ya meza. Plaiwudi hiyo si pambo la kutundikia vifaa tu. Ndiyo inayozuia meza kuyumba kushoto na kulia. Mwisho aweke uso wa meza, azungushe pembe zote, na apige msasa hadi kiganja kipite bila kukwaruzwa. Mzazi asichoke kuupitisha mkono wake mwenyewe kila mahali. Kama ni wake unaochomwa na kibanzi, wa mtoto utachomwa pia.

Vya kuchezea juu yake

Hapa ndipo lile neno la kisizunguke kikachomoka linapofanya kazi. Chukueni bolti tatu au nne nene. Fundi azipitishe kwenye plaiwudi kutoka nyuma, chini ya usawa wa macho ya mtoto, azikaze kwa nati ya kwanza. Nati ya pili iachwe huru kwa ajili ya mtoto. Kisha fundi wa kuchomelea aweke tone la chuma kwenye ncha ya bolti na kuisawazisha kwa tupa. Mtoto ataizungusha nati ile mbele na nyuma kutwa nzima, lakini haitatoka kamwe. Hakuna nati ya kupotea, wala ya kumezwa.

Ongezeni komeo, bawaba yenye kijimlango, na kitasa kikuukuu ambacho ufunguo wake umefungwa kwa kamba fupi sana. Kateni mpini wa fagio vipande vya sentimita 10, na mtoboe matundu kwenye uso wa meza vipande hivyo viingie. Hivyo ndivyo misumari ya fundi mdogo, naye huipiga kwa nyundo nyepesi ya mti. Msumeno wa kweli, patasi na misumari ya chuma vibaki kwa wakubwa.

Baada ya meza kufika

Kazi haiishi siku ya kuizindua. Mwezi wa kwanza, kila Ijumaa, mwalimu aipitie meza kwa bisibisi, maana mbao hulegea inapozoea kazi. Baadaye mara moja kwa mwezi inatosha. Usipoziba ufa utajenga ukuta: skrubu iliyolegea hukazwa kwa dakika moja, lakini mguu uliovunjika huomba mchango mwingine wa wazazi.

Na kabla ya mchango wowote, kumbukeni jambo moja. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limeweka elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini katika kipengele kimoja, vyote chini ya kaunti. Chuo kina wanafunzi wa useremala wanaotafuta kazi ya kufanyia mazoezi. Kituo cha chekechea kina watoto wanaotafuta meza. Mwalimu mkuu wa kituo na mkuu wa chuo wakizungumza, kamati inaweza kugharamia mbao na skrubu pekee, na mwanafunzi akapata kazi ya kuonyesha. Afadhali pia mwanafunzi huyo aalikwe kuileta meza mwenyewe. Akiwa msichana, vizuri zaidi. Watoto wamwone akitoa bisibisi mfukoni na kukaza skrubu ya mwisho mbele yao.

Wazazi, meza hii haitamfanya kila mtoto kuwa seremala, wala si lazima. Itampa mahali pa kujaribu, kukosea na kujaribu tena, mahali ambapo kosa halimuumizi. Hilo la kutomuumiza ni jukumu la wakubwa: kila kitu kizunguke, kisichomoke.