Maana ya Kukosa Kazi, na Jinsi Inavyohesabiwa
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Dodoma)



Tumeombwa tuseme machache juu ya ukosefu wa kazi, na hasa jinsi unavyohesabiwa. Jambo hili latuhusu sana sisi makarani, kwa kuwa hesabu za namna hii hupita mikononi mwetu, na tena ni wachache kati yetu wasio na kijana nyumbani aliyemaliza Kidato cha Nne na bado angoja.

Asiye na kazi ni nani? Mwanafunzi, mzee asiyejiweza na mgonjwa huwekwa kando. Kanuni za kimataifa za mwaka 1982, zilizopitishwa chini ya Shirika la Kazi Duniani, zilitaka mambo matatu yakutane katika mtu mmoja: hakufanya kazi hata saa moja katika juma linaloulizwa, yu tayari kuanza, tena amekuwa akitafuta. Likikosekana moja, hahesabiwi. Na saa moja ni saa moja: kijana aliyepakua magunia ya alizeti sokoni Majengo asubuhi ya Jumatatu akalipwa, kisha akakaa kivulini hadi Jumapili, huandikwa kuwa ana kazi.

Tutwae mfano wa kijiji chenye watu wazima 1,000. Tukiwatoa 200 wa kuwekwa kando, wabaki 800. Katika hao 720 wana kazi na 80 hawana. Gawanya 80 kwa 800, wapata 10 katika mia. Sasa 40 katika wale 80 wachoka kuzunguka na barua zao mkononi, waacha kutafuta. Wamebaki 40 katika 760, yaani kama 5 katika mia. Hakuna aliyeajiriwa hata mmoja, na ukosefu wa kazi umepungua karibu nusu! Twawasihi mwitazame tena hesabu hiyo mkifika nyumbani.

Kipimo hiki kilikulia katika nchi za viwanda. Marekani ilianza kuwahesabu watu kwa mtindo huu kila mwezi mwaka 1940, baada ya dhiki kuu iliyoanza 1929. Huko mtu alijua pa kwenda kuulizia. Lakini kijana wa Bahi au Mpwapwa atabisha lango gani? Kwa ajili hiyo Tanzania hutumia pia kipimo chake yenyewe, kinachomhesabu aliye tayari kufanya kazi ijapokuwa hakutafuta, pamoja na baadhi ya wale walioshikamana na kazi kwa uzi mwembamba tu. Katika uchunguzi wa mwaka 2000/01, kipimo cha taifa kilitoa 12.9 katika mia. Cha kimataifa kilitoa kama 5. Watu ni wale wale. Kwa kipimo cha taifa, hesabu ilikuwa 11.7 mwaka 2006 na 10.3 mwaka 2014. Basi mtu akitaja hesabu barazani pasipo kutaja kipimo, na aulizwe.

Katika Ugogo yetu liko jambo jingine. Mvua hunyesha tangu Desemba hivi hadi Aprili, na miezi iliyobaki jembe limelala. Mwaka 1947 Waingereza walianza Kongwa ule mpango wao mkubwa wa karanga, wakaandika vibarua kwa maelfu; mwaka 1951 wakauacha. Aliyerudi shambani kwake kulima uwele hangeitwa asiye na kazi kwa kanuni ile ya saa moja, ingawa ujira wake ulikuwa umekwisha.

Mwaka 2013 wataalamu walikutana Geneva wakaigeuza kanuni: alimaye hasa kwa chakula cha nyumba yake anafanya kazi, lakini hana ajira. Wako wanaonung'unika kwamba jembe limedharauliwa. Sisi twaona ni afadhali, maana Kiswahili chetu chajua tangu zamani kwamba kazi si ajira.

Neno moja la mwisho. Ofisi ya Taifa ya Takwimu iko papa hapa Dodoma, na waulizaji wake huenda wakabisha hodi kwetu. Wengi wetu, kwa kumsitiri kijana, husema, "Huyu atusaidia tu nyumbani." Kwa neno hilo aweza kutolewa katika safu ya wasio na kazi, ilhali kila siku apeleka barua za maombi. Na aitwe, ajibu mwenyewe.