Nyota Iliyokwisha Kugeuka



Ndugu wapendwa, leo twaanza Majilio, majira ya kukesha na kungoja. Wewe unisikilizaye huko Ndama, Karagwe, walijua anga lako: taa zikizimwa na mbalamwezi ikikosekana, nyota hujaa juu ya vilima na migomba. Ipo moja usiyoweza kuiona sasa, nayo iko njiani kuja. Ni nyota yenye mkia iitwayo Halley, ambayo huturudia kila baada ya miaka 76 hivi.

Wataalamu watufundisha kwamba hiyo si nyota hasa, bali ni bonge la barafu na vumbi lenye urefu wa kilometa 15 hivi, jeusi kama makaa. Halina nuru yake lenyewe. Likikaribia jua, barafu hugeuka mvuke, vumbi hutoka, na mkia mrefu hutanda kuelekea upande wa pili wa jua. Likienda mbali, hufifia hata lisionekane.

Mwingereza Edmond Halley alilinganisha habari za miaka ya 1531, 1607 na 1682, akatambua kuwa iliyoonekana ni ile ile. Mwaka 1705 alitangaza kwamba ingerudi mwaka 1758. Alifariki mwaka 1742. Ndipo siku ya Noeli ya mwaka 1758, mkulima mmoja wa Ujerumani, Johann Palitzsch, akaiona. Aliyehesabu hakuona, aliyeona ni mtu wa jembe aliyekesha. Ndugu katekista, usisikitike ukipanda mbegu ambayo wengine wataivuna.

Mwaka 1910 nyota hiyo ilipita kilometa milioni 23 hivi kutoka kwetu, iking'aa sana. Katika nchi nyingi watu waliogopa kwamba mkia wake ungewatia sumu, na walaghai wakawauzia vidonge vya kinga. Ikapita, wala haikumdhuru mtu. Mwaka 1986 haikukaribia kuliko kilometa milioni 63, nayo ikaonekana hafifu. Wengi waliotazamia mwanga mkuu walivunjika moyo. Je, ilikuwa nyota nyingine? Hasha! Ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa umbali kati yake na sisi.

Sasa sikilizeni jambo hili. Mwezi wa Desemba 2023 nyota hiyo ilifika mwisho wa safari yake ya kwenda mbali, zaidi ya kilometa bilioni 5 kutoka kwenye jua, ng'ambo ya njia ya sayari Neptuni. Hapo, katika giza na baridi, ikageuka. Hapakuwa na jicho lililoishuhudia ikigeuka. Kengele haikulia. Hata hivyo, tangu siku ile kila usiku inalikaribia jua.

Mama mpendwa, unaye mwana aliyekwenda mjini. Hapigi simu, hasali tena, na jina lake likitajwa jumuiyani watu hutazama chini. Umesali miaka mingi, wala huoni dalili. Wajuaje kwamba hajageuka? Toba ni kugeuka, na mara nyingi mtu hugeuka akiwa mbali kabisa, mahali ambapo macho ya mama hayafiki. Yule mwana mpotevu wa Injili aliuanza mwendo wa kurudi angali katika nchi ya mbali, kati ya nguruwe. Basi usiifunge sala yako kwa sababu hujaona mwanga. Wala usimkimbilie mwenye kuuza vidonge vya hofu.

Nyota ile itarudi karibu na jua mwezi wa Julai 2061, wakati wa kiangazi chetu. Wengi wetu tutakuwa tumekwisha lala makaburini. Lakini watoto wanaojiandaa leo kwa Komunyo ya Kwanza watakuwa watu wazima. Waambieni tangu sasa watafute mahali penye giza, wayaache macho yazoee, wailinganishe na nyota wanazozijua, wasiogope. Na mlango wa nyumba yako, mama, usiutie komeo.

Amina.