Tusilipie Mng'aro: Namna ya Kukagua Sakafu Mpya ya Mbao

(Mazungumzo na kamati za parokia na wafadhili)



Leo hatutazungumzia visima wala zahanati. Tutazungumzia sakafu ya mbao katika nyumba ya kuishi, kwa sababu sakafu moja ilitupa somo ambalo tusingependa kulilipia mara ya pili.

Miaka michache iliyopita tulijenga nyumba ya katekista katika parokia moja ya nyanda za juu. Kwa sababu ya baridi, vyumba viwili vya kulala viliwekewa sakafu ya mninga. Siku ya makabidhiano tulifika jioni. Vanishi ilimeremeta kwa mwanga wa taa, tukampongeza fundi, tukatia saini, akalipwa malipo ya mwisho. Kiangazi kilipofika, mbao zilisinyaa. Kati ya ubao na ubao paliweza kupita sarafu. Nyingine zilijikunja kingo zikainuka, na mama wa nyumba akawa anatandika mikeka ili watoto wasijikwae.

Kila mtu alimlaumu fundi. Tulipochunguza, tulikuta kwamba fundi aliomba muda zaidi ili mbao zikauke, na sisi tukamkatalia, kwa kuwa wafadhili walikwisha kupanga tarehe ya ziara. Mninga una sifa ya kutulia ukishakauka. Haraka ilikuwa yetu.

Tangu wakati huo tunafuata utaratibu ufuatao, na tunaziomba kamati zote ziufuate.

Kwanza, ukaguzi uanze kabla mbao hazijapigiliwa. Kateni kipande kidogo, mkipime uzito, mkikaushe ndani ya oveni yenye joto la kiasi cha nyuzi 100 mpaka uzito usipungue tena, kisha mkipime upya. Kama kilikuwa gramu 112 na sasa ni gramu 100, unyevu ulikuwa asilimia 12. Kwa sakafu ya ndani, unyevu wa asilimia 8 hadi 12 unafaa. Pwani unaweza kuzidi kidogo. Kama mbao zitalala juu ya zege, bandikeni kipande cha nailoni juu yake, kingo zote zizibwe, mkiache usiku na mchana. Mkikuta matone chini yake, zege bado lina maji, subirini.

Pili, sakafu ikikamilika, nendeni kuikagua mchana. Fungueni madirisha, mwiname, mtazame sakafu kuelekea kwenye mwanga. Hapo mtaona mikwaruzo ya msasa, mawimbi, vumbi lililoganda ndani ya vanishi na mahali brashi ilipopasahau. Taa ya jioni huficha yote hayo.

Tatu, vueni viatu. Tembeeni polepole kutoka pembe hadi pembe. Ubao unaolia au kubonyea haukushikwa vizuri. Pitisheni soksi kuukuu sakafuni. Ikinasa, kuna kibanzi kitakachomchoma mtoto.

Nne, chukueni ubao ulionyooka wa mita 2, mulaze sakafuni sehemu mbalimbali. Uwazi chini yake usizidi milimita 3. Ulizeni pia kama fundi ameacha nafasi ya milimita 10 hadi 15 kati ya sakafu na ukuta, inayofichwa na ubao wa ukingoni. Wengine hudhani nafasi hiyo ni uzembe. La hasha! Masika mbao huvimba. Zikikosa pa kwenda, huinuka.

Tano, tazameni rangi. Mafundo na tofauti za rangi ni maumbile ya mti, wala si kosa la fundi. Lakini sehemu nyeupe ya nje ya gogo hupendwa na wadudu. Vitundu vidogo vyenye unga ni dalili kwamba wamekwisha kuingia.

Sita, vanishi ikikauka kwa kuigusa haimaanishi kwamba imekomaa. Vanishi ya mafuta huweza kuhitaji wiki kadhaa. Katika muda huo familia isitandike mikeka wala kuburuta vitanda. Na siku zote sakafu ifagiliwe na kupanguswa kwa kitambaa kilichokamuliwa; isimwagiwe maji.

Yote mtakayoyaona yaandikwe, chumba kwa chumba, fundi akiwapo. Wekeni tarehe ya marekebisho, pande zote mbili zitie saini. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Sehemu ya malipo ibaki mpaka kiangazi kimoja na masika moja zipite, lakini jambo hilo liwe kwenye mkataba tangu mwanzo, fundi asishtukizwe. Karatasi hiyo humlinda hata yeye. Kama ile nyumba ingekuwa nayo, ombi lake la kungoja lingeonekana, na asingebeba lawama isiyo yake.

Ndugu wafadhili, tunafurahi mnapokuja kuona kazi ya mikono yenu. Tukiwaandikia kwamba mbao hazijakauka, tunaomba mtuvumilie. Nanyi wanakamati, msiogope kutuletea taarifa inayosema "bado". Taarifa hiyo ni ya heshima kuliko sakafu inayong'aa siku ya wageni na kupasuka baada ya wao kuondoka.

Sakafu ya katekista tuliifungua na kuirudia. Tulitumia mbao zilezile, ambazo sasa zilikuwa zimekauka, tukaongeza chache kujaza mahali palipopungua. Fundi alikuwa yuleyule. Tulimwomba radhi kwanza, mbele ya kamati, ndipo akashika randa.