Sabuni ya Kuondoa Tope la Njia pasipo Kusugua



Twataka kunena nanyi leo juu ya jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo: tope lishikalo motakaa na pikipiki, na sabuni iwezayo kuliondoa pasipo mtu kulisugua. Tuliulizwa neno hili na kijana mmoja achukuaye abiria kwa pikipiki baina ya Kyela mjini na Ipinda. Pikipiki yake aliinunua mpya, kwa fedha za mkopo, na kabla ya mwaka kwisha tangi lake la mafuta, lililokuwa liking'aa kama jicho la samaki, lilikuwa limefifia kwa mikwaruzo. Akatuamkia kwa heshima, kisha akasema, "Wazee wangu, naiosha kila jioni, wala siachi hata siku moja. Je, hakuna sabuni ambayo nikiimwaga tope litashuka lenyewe?"

Kijana yule hakuwa mvivu. Bidii yake ndiyo iliyomponza. Nchi yetu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka, na katika miezi ya Machi na Aprili njia za mashambani huwa kama majaruba ya mpunga. Tope lake ni udongo wa mfinyanzi uliochanganyika na mchanga mwembamba ulioshushwa na mito Kiwira, Mbaka na Lufilyo kutoka milima ya Rungwe, ambayo zamani ilikuwa milima ya moto. Mchanga wa mawe ya moto ni mkali. Mtu atwaapo kitambaa akasugua tope lililokauka, huusukuma mchanga ule juu ya rangi, na kila punje huchora mstari wake. Kadiri alivyoosha, ndivyo alivyoharibu.

Basi hebu tutazame ni nini hasa kishikacho pale. Uchafu wa njia ni wa namna mbili. Wa kwanza ni tope lenyewe, lionekanalo na kila mtu. Udongo wa mfinyanzi ni vipande vyembamba mno, vimelaliana kama kurasa za kitabu; ukikauka, kurasa hugandamana zikashika bati. Ukiloweshwa polepole, maji huingia kati ya kurasa, zikaachana. Kwa hiyo tope halihitaji sabuni nyingi, lahitaji maji na subira. Uchafu wa pili ni utando wa kijivu: masizi, mafuta yavujayo katika injini za malori, na vumbi laini kabisa, vyote vikiwa vimeambatana. Utando huu hauanguki kwa maji. Pitisha kidole juu ya gari lililooshwa kwa maji matupu, nawe utaona mstari.

Wengi hudhani kwamba maji yakirushwa kwa nguvu ya mashine lazima yatauchukua. Sivyo. Mmeuona mto Kiwira siku za mafuriko: katikati yake magogo hupita mbio, lakini chini kabisa, nyuma ya jiwe, samaki mdogo hukaa asichukuliwe. Maji yapitayo juu ya bati huenda vivyo hivyo. Tabaka jembamba ligusalo bati karibu halisogei, na utando ule umelala humo humo. Ama mkono ufike hapo, ama dawa.

Wenzetu wa nchi za baridi, kama Kanada na Ujerumani, walikutana na shida hii kwa njia nyingine. Huko wakati wa kipupwe theluji huganda barabarani, na watu humwaga chumvi ili iyeyuke. Magurudumu hurusha maji yale ya chumvi pamoja na masizi, na gari huvaa vazi jeupe la kijivu litafunalo chuma. Mikono haiwezi kuosha nje katika baridi kali, na brashi za mashine zikishika mchanga hukwaruza rangi. Ndipo zilipotengenezwa nyumba za kuoshea ambamo gari haliguswi na kitu ila dawa na maji. Waafrika wa Mashariki wengi waendeshao teksi huko wazijua sana. Chumvi yenyewe huyeyuka upesi. Kisumbuacho ni utando ule ule wa kijivu, na madereva wa huko hutafuta sabuni ya kuuondoa kama kijana wetu wa Ipinda atafutavyo.

Mwaka 1959 Mjerumani mmoja, Herbert Sinner, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya sabuni ya Henkel, alieleza jambo hili kwa njia nyepesi. Alisema kuosha kwategemea mambo manne: nguvu ya dawa, nguvu ya mkono, joto la maji, na muda. Ukipunguza moja, sharti uongeze mengine. Mama afuaye nguo alijua hivi zamani: asipokuwa na nguvu za kufikicha, huziloweka usiku kucha. Nyumba za kuoshea za ng'ambo zimeuondoa mkono, kwa hiyo zimeongeza dawa, na mara nyingi joto pia. Hakuna sabuni ifanyayo kazi bila gharama. Swali ni gharama ipi utakayolipa.

Sisi tulitaka kujua mtu wa Kyela aweza kulipa ipi. Tukaomba lori la jirani lililorudi shamba na magunia ya kakao, tukaugawa ubavu wake mafungu matatu. Fungu la kwanza tulilinyunyizia maji ya mvua matupu, tukangoja dakika kumi, tukamimina tena. Fungu la pili tulilinyunyizia maji yenye sabuni ya unga ya kufulia, kijiko kimoja cha chakula kwa lita kumi. La tatu tulilipaka povu la sabuni laini ya mawese, ambayo tutaieleza sasa hivi. Wala hatukusugua popote.

Fungu la kwanza lilitushangaza. Sehemu kubwa ya tope ilishuka yenyewe, pasipo senti moja ya sabuni, ila utando ulibaki. Fungu la pili lilikuwa jeupe zaidi, lakini upande uliopigwa na jua sabuni ilikauka ikaacha michirizi, tukalazimika kulirudia. La tatu lilifanya vizuri hasa chini, karibu na magurudumu, palipokuwa na mafuta. Lakini twasema kweli: katika mafungu yote matatu kidole bado kilichora mstari hafifu. Hatukuipata sabuni ya kijana yule, na yeyote atakayemwuzia dawa isiyo kali huku akiapa kwamba haitabakiza kitu, ampime kwanza kwa kidole.

Sabuni laini ya mawese si ngeni. Sabuni yoyote ni mafuta yaliyochanganywa na kitu kikali kama kostiki au maji ya majivu. Majivu ya maganda ya kakao yana potasi nyingi, na sabuni ya potasi huwa laini, haigandi kama mche. Watu wa Ghana na Nijeria hutengeneza sabuni nyeusi kwa majivu ya maganda hayo na mafuta ya mawese au ya mbegu nyingine. Hapa kwetu michikichi ipo na kakao ipo, nayo maganda mara nyingi huachwa yaoze chini ya miti. Ila sabuni hii yapenda maji laini. Katika maji yenye chokaa hufanya ukoko mweupe. Maji ya mvua yaliyokingwa chini ya bati yafaa kuliko yote, na mvua, wazee wetu, hatujapata kupungukiwa.

Sasa yatupasa kunena juu ya dawa kali, maana zimekwisha kufika madukani. Nyingine zina kostiki. Hizo hula utando kweli, lakini hufifisha vyombo vya alumini, huondoa nta juu ya rangi, na zikiruka machoni zaweza kumpofusha mtu. Nyingine za kusafishia rimu huwa na asidi haidrofloriki. Hiyo ni adui asiyebisha hodi, kwani hupenya ngozi, na pengine maumivu huja baada ya saa kadhaa, dawa ikiwa imefika karibu na mfupa. Twawaona watoto wakiosha malori miguu mitupu. Mtu asiwape watoto dawa hizi. Tazameni kwenye chupa kipimo kiitwacho pH: 7 ni ya kawaida kama maji, ikiwa 12 au 13 ni kali sana, ikiwa 1 au 2 ni kali vile vile kwa upande wa asidi. Chupa isiyo na maandishi isinunuliwe. Ikimrukia mtu jichoni, aoshwe kwa maji safi mengi, dakika ishirini, bila kukatiza, ndipo apelekwe kwa mganga wa hospitali.

Liko na jambo la mto. Wengi huliingiza gari mpaka magurudumu yafunikwe, wakaoshea humo humo, na mita mia chini yao mama achota maji ya kunywa. Sabuni huharibu mashavuni mwa samaki, pale wanapovutia pumzi. Ujerumani ya Magharibi ilijifunza hili kwa taabu: katika miaka ya 1950 mito yake ilijaa povu kama theluji, kwa sababu sabuni mpya za viwandani hazikuoza, hata ikatungwa sheria mwaka 1961, iliyoanza kutumika 1964, kulazimisha sabuni zinazooza. Ziwa letu Nyasa lina mto mmoja tu wa kutokea, Shire, huko mbali kusini. Kiingiacho Kyela hakiondoki upesi. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, yaani hatua themanini hivi za mtu mzima.

Kijana wetu tulimwambia hivi. Asingoje tope likauke. Afikapo nyumbani ailoweshe pikipiki kivulini, injini ikiwa imepoa, kwa ndoo yenye matundu, aiache dakika kumi, airudie. Hilo afanye kila siku bila sabuni wala kitambaa. Mara moja kwa juma aipake povu la sabuni laini, akianzia chini kwenda juu ili michirizi isifanyike, angoje dakika tano bila kuliacha likauke, kisha asuuze. Utando ubakiao aupitie kwa kitambaa laini kilichojaa maji, hapo mchanga ukiwa umekwisha kuondoka, akikisuuza mara kwa mara katika ndoo ya pili. Mnyororo aupake mafuta tena, maana povu huyaondoa.

Akatuuliza maji yale machafu ayamwage wapi. Tukamwonyesha mahali nyuma ya nyumba, mbali na kisima na mto, achimbe shimo, atie kokoto chini na mchanga juu. Amelichimba, na alipopita kwetu juma lililopita tangi lilikuwa bado na mikwaruzo yake ya zamani, ila mipya hatukuiona.