Chuo si cha Vijana Peke Yao
Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi wa migodi na wenyeji wa mji, Bunia

Ndugu zangu, mama zangu, na ninyi mliofika toka Mongbwalu na vumbi la barabara bado mwilini!

Nimeombwa niseme juu ya masomo ya chuo. Najua wengi mnawaza: hayo ni ya watoto wetu, sisi tumekwisha kupitwa. Mimi nakataa.

Dhahabu ya Kilo-Moto ilianza kuchimbwa mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini Lovanium, chuo kikuu cha kwanza cha nchi, kilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954 tu! Siku ya Uhuru, 30 Juni 1960, Wakongo wenye diploma ya chuo kikuu hawakufika 30. Mwanamke hakuwamo, Sophie Kanza ndiye wa kwanza, naye alimaliza mwaka 1964. Patrice Lumumba mwenyewe hakuingia chuo kikuu. Alikuwa karani wa posta Stanleyville, akasoma vitabu vya maktaba baada ya kazi.

Leo vyuo viko hapa hapa Bunia: ISP iko, Chuo Kikuu cha Bunia kiko, na Shalom, iliyoanza kama shule ya theolojia mwaka 1961, ni chuo kikuu tangu 2007. Mlango wake ni diploma ya Serikali. Wengi hamjui kwamba hata mtu aliyeacha shule anaweza kujiandikisha kwa mtihani ule, kama mwenye kujifunza peke yake.

Mimi nilikuwa kijana wa shimoni. PDG wa shimo alinipa karatasi, nikatia kidole. Nilidhani ni zamu yangu ya mchanga, kumbe ni deni la chakula na dawa. Dhahabu yangu ilipimwa kwa kijiti cha kiberiti, nami sikujua hata kugawanya. Nilirudi kwenye masomo nikiwa na watoto wawili. Hesabu ilinitesa, aibu ikanitesa zaidi.

Lakini ruhusa bila nafasi ni bure. Mchimbaji anatoka shimoni jua likizama, na vita vimetufundisha kurudi nyumbani mapema. Basi tunaviomba vyuo madarasa ya Jumamosi na Jumapili mchana. Mama mwenye mtoto mgongoni asifukuzwe. Kilema anayekuja kwa kigari cha mikono asikute ngazi tu. Minerval ilipwe kidogo kidogo, maana shimo halitoi kila juma. Na anayetaka kujua umeme au hesabu ya duka apokelewe, hata kama hatafuti cheo.

Nimeleta daftari hapa mezani. Tutaandika majina ya wanaotaka kujitayarisha kwa mtihani, kisha tutayapeleka vyuoni pamoja na maombi haya. Ukurasa wa kwanza nimewaachia mama. Asiyejua kuandika aje pia; jina lake tutaliandika pamoja, herufi kwa herufi.