Kompyuta moja, jamaa mbili: namna ya kutambua na kuondoa programu za matangazo

Maneno haya yalisemwa Idjwi, mbele ya jamaa waliohamishwa na vita, jamaa wenyeji waliowapokea, na viongozi wao.



Naomba nianze na kisa. Vita ilipofika Goma na Bukavu mwanzoni mwa mwaka 2025, jamaa nyingi zilivuka ziwa zikaja kisiwani. Kamati moja niliyokuwa nikiisaidia ilikuwa na kompyuta moja tu, ile tunayoiita ordinatere, ikitumia umeme wa jua. Ndani yake mlikuwa na orodha ya jamaa: majina, idadi ya watoto, kijiji walikotoka na nyumba iliyowapokea.

Siku moja kompyuta ile ikaanza kujifungulia picha za aibu yenyewe, mbele ya wamama waliokuja kuandikishwa. Wenyeji wakasema: “Ni yule kijana wa wahamiaji, ndiye anayebaki nayo jioni.” Waliohamishwa wakajibu: “Mnamchafulia jina ili mtutoe katika kamati.” Juma zima hakuna aliyeandikishwa. Watu walioshirikiana sahani moja ya mihogo wakaacha kusalimiana.

Kumbe mkosaji hakuwa mtu yeyote pale. Ilikuwa programu ya matangazo. Mafundi wanaiita adiweya.

Programu hii ni nini?

Ni programu inayoingia katika kompyuta na kuonyesha matangazo usiyoyaomba. Aliyeitengeneza hulipwa kila tangazo linapoonekana au kubonyezwa. Nyingi pia huandika kurasa unazotembelea na kutuma habari hizo kwa wenyewe. Mara nyingi huja imejificha ndani ya programu nyingine ya bure: mtu anataka programu ya kuchezea muziki au video, anabonyeza “ndiyo, ndiyo” bila kusoma, na mgeni wa pili anaingia naye.

Tusidhani ni shida ya watu wa vijijini tu. Mwaka 2015 ilijulikana kwamba kampuni kubwa ya Lenovo ilikuwa imeuza kompyuta mpya zenye programu ya matangazo iitwayo Superfish, iliyodhoofisha ulinzi wa kurasa za siri kama za benki. Kwa hiyo hata mtu mwangalifu anaweza kupatwa.

Dalili zake

Matangazo yanatokea hata ukiwa hujafungua ukurasa wowote. Ukurasa wa kwanza wa intaneti umebadilika na hukuubadilisha wewe. Ukitafuta jambo unapelekwa mahali pengine. Kompyuta imekuwa nzito. Mega ulizonunua zinaisha upesi. Hapa Idjwi hilo la mwisho linauma, maana mtandao tumeutafuta kwa jasho. Mwami Roger Ntambuka alipokwisha kuomba msaada, mtandao wa jamii wa Pamoja Net ulifunguliwa kisiwani. Tusiache matangazo yale kidogo tulicho nacho.

Jihadharini zaidi na matangazo yanayosema: “Kompyuta yako ina virusi, piga namba hii,” au “Wahamiaji wa Kivu, jiandikishe hapa upate dola.” Usipige, usiandike jina lako, usitoe namba ya simu. Msaada wa kweli uulizwe kwa kamati na kwa viongozi wanaojulikana.

Namna ya kuiondoa

Kompyuta zetu nyingi ni za Windows na ziko katika Kifaransa, basi nitataja maneno kama yanavyoonekana.

Kwanza, zima intaneti. Nakili orodha na barua zenu kwenye kifaa kidogo cha USB. Nakili nyaraka tu, si programu.

Pili, fungua Paramètres, kisha Applications, utazame orodha ya programu zilizowekwa. Ipange kwa tarehe. Tafuta zile zilizoingia karibu na siku shida ilipoanza, ambazo hakuna anayezijua. Bonyeza Désinstaller. Usipojua kazi ya programu, uliza kwanza, maana nyingine ni za lazima kwa mashine.

Tatu, fungua Chrome au Firefox, uende mahali pa Extensions. Ondoa kila kiongezo ambacho hamkukiweka wenyewe. Rudisha ukurasa wa kwanza mnaoutaka.

Nne, tazama Notifications katika mipangilio hiyohiyo. Siku hizi matangazo mengi hayatoki katika programu yoyote. Yanatoka kwa ukurasa ulioomba ruhusa, mtu akabonyeza Autoriser. Futa ruhusa za kurasa msizozijua. Mara nyingine hatua hii peke yake yatosha.

Tano, washa intaneti ili programu ya ulinzi ipate habari mpya, kisha uiache ipekue mashine yote. Windows ina ulinzi wake bila malipo. Iko pia AdwCleaner, programu ndogo ya bure ya kampuni ya Malwarebytes, iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa. Ichukueni kwa kampuni yenyewe, si mahali pengine, kwa sababu wadanganyifu hutengeneza dawa za uongo.

Sita, zima na kuwasha tena. Matangazo yakirudi, pelekeni mashine kwa fundi mnayemwamini, lakini orodha ya jamaa itolewe kwanza. Mkishamaliza, badilisheni maneno ya siri ya barua pepe.

Kompyuta yenye Windows 10 iangaliwe zaidi. Msaada wake wa kawaida ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Tuirudie ile kamati

Tulipofika hatua ya pili, tuliwaita wote watazame kioo: wenyeji watatu na waliohamishwa watatu. Programu ile ilikuwa imewekwa mwezi wa tatu. Kijana aliyeshtakiwa alifika kisiwani mwezi wa tano. Chumba kilinyamaza. Mzee mmoja mwenyeji, aliyekuwa wa kwanza kumtaja, alisimama akasema: “Mwanangu, nimekukosea.” Kijana akamjibu: “Yameisha, baba.” Kesho yake wamama wakaja kuandikishwa.

Hata hivyo tulikuwa na swali jingine: je, orodha yetu ilionekana na mtu? Programu za namna hii kwa kawaida hutafuta mazoea ya mtu kwenye intaneti, si nyaraka zake. Lakini mlango uliofunguliwa kwa mmoja waweza kupitisha mwingine. Kamati ikawaeleza jamaa ukweli, bila kuwatisha, na tangu siku ile orodha imekaa kwenye mashine isiyounganishwa na intaneti, ikiwa na neno la siri.

Viongozi wetu, nawaomba mambo matatu. Kuwe na daftari karibu na kompyuta, kila anayeitumia aandike jina, saa na kazi. Programu mpya isiwekwe bila watu wawili kukubaliana, mmoja mwenyeji na mmoja aliyehamishwa. Na mashine ikiharibika, itazamwe kwanza kabla ya kumtaja mtu.

Vita imetufundisha kumshuku jirani haraka. Safari hii tulisubiri juma moja kabla ya kutazama tarehe kwenye kioo, na kazi ya kuitazama ilichukua dakika kumi. Sasa aliye na kompyuta yake ailete hapa mbele, tuipekue pamoja.